Magofu ya Gede hayahitaji gari la kukodi, matatu ya Malindi yatosha

Na MWANDISHI WETU

MJI wa kale wa Gede, kaunti ya Kilifi, ulitiwa katika orodha ya turathi za dunia na shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, UNESCO, mnamo Julai 2024. Hivyo pakawa mahali pa nane nchini Kenya kupata hadhi hiyo, baada ya Mlima Kenya, mbuga za Ziwa Turkana, mji wa kale wa Lamu, misitu ya kaya za Wamijikenda, Fort Jesus, maziwa ya Bonde la Ufa na boma la mawe la Thimlich Ohinga.

Habari hizo zilishangiliwa sana Pwani. Hata hivyo, ukimuuliza mkazi wa kawaida wa Likoni, Changamwe au Kisauni alifika lini Gede, aghalabu atakujibu kwamba alipelekwa na basi la shule alipokuwa mwanafunzi, na kwamba tangu siku hiyo hajarudi. Wengine hawajafika kabisa.

Sababu inayotajwa mara kwa mara ni gari. Watu wanaamini kuwa magofu ni mahali pa watalii, na kwamba mtalii hufika kwa gari la kampuni ya utalii, lenye paa la kufunguka na dereva aliyevaa sare. Asiye na gari la aina hiyo hujiona kwamba hajaalikwa.

Dhana hiyo haina msingi. Barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Malindi inapita karibu mno na mji huo wa kale, na kila siku magari ya abiria hupita hapo tangu alfajiri hadi usiku. Mwenye nauli ya matatu, chupa ya maji na viatu vya kutembelea anaweza kutoka Mombasa asubuhi, azuru Gede kwa utulivu, na arudi kulala kwake siku hiyo hiyo.

Makala haya yananuia kueleza jinsi safari hiyo inavyofanywa, mahali ambapo wengi hukwama, na kinachomsubiri msafiri akishafika. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba ugumu wa safari hii hauko katika kwenda. Uko katika kurudi.

Kupanda gari

Kwa miaka mingi, magari ya Malindi yalikuwa yakijaziwa abiria kando ya barabara ya Abdel Nasser, katikati ya kisiwa cha Mombasa. Vituo vya magari mjini humo vina desturi ya kuhamahama kila wakuu wa mji wanapotaka kupunguza msongamano, na leo huenda gari ulilolizoea likawa limesukumwa mtaa wa pili. Hivyo basi, usiende kwa kukariri. Muulize mwenye duka au mwendeshaji wa tuktuk: "Magari ya Malindi yanapakilia wapi siku hizi?" Swali hilo hujibiwa na kila mtu.

Jambo la muhimu ni kuuliza magari ya Malindi, wala si ya Gede. Wachache sana watakaokuelewa ukitafuta gari la Gede, na mpiga debe mwenye tamaa anaweza kukupakia katika gari la Kilifi akikuhakikishia kwamba "linaendelea mbele". Gari la Kilifi huishia Kilifi. Hapo utalazimika kushuka, kungoja jingine na kulipa upya, na nauli za vipande viwili aghalabu huzidi nauli ya safari moja.

Mengi ya magari hayo ni matatu za abiria 14. Idadi hiyo si ya kubahatisha. Ilitiliwa nguvu na kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, wakati marehemu John Michuki alipokuwa waziri wa uchukuzi, ambapo matatu zilizokuwa zikibeba watu 18 zilipunguziwa viti, zikatiwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, zikachorwa mstari wa manjano na kuwekwa mikanda ya usalama. Abiria ana haki ya kukataa kuongezewa mtu wa tano katika kiti cha wanne. Kama wengi wanavyofahamu, haki hiyo hupatikana kwa urahisi zaidi kabla gari halijaondoka kuliko baada ya kuvuka Mtwapa.

Yapo pia mabasi makubwa yapitayo njia hiyo, mengine yakielekea Lamu. Basi hutulia barabarani na lina nafasi ya mizigo, lakini huondoka kwa saa zake na huwapendelea abiria wa safari ndefu. Kwa mtu anayeshukia Gede, matatu ndiyo yenye manufaa.

Kuhusu nauli, mwandishi hataji kiasi, kwa kuwa nauli ya Pwani hupanda na kushuka kwa bei ya mafuta, kwa mvua, kwa sikukuu na kwa wingi wa watu waliosimama kituoni. Wakati wa Idd, Pasaka na Krismasi hupanda sana. Njia ya kuijua nauli halali ni kumuuliza abiria aliyetangulia kuketi, tena mama mwenye kikapu kuliko kijana mwenye simu, maana huyo wa kwanza husafiri kila wiki na hawezi kudanganywa. Pesa umkabidhi utingo ndani ya gari baada ya safari kuanza. Mpiga debe wa nje hastahili kupewa hata shilingi moja ya nauli, awe ameshika daftari au la.

Jihadhari vilevile na gari linaloonekana limejaa. Wapo vijana wanaolipwa ili waketi vitini kama abiria, na kila abiria halisi anapoingia, mmoja wao huteremka kimyakimya. Msafiri hudhani kwamba gari litaondoka baada ya dakika mbili, kumbe yeye ndiye wa tatu. Dalili yao ni moja: hawana mzigo, na wanafahamiana.

Mwenye nafasi ya kuchagua kiti na achague upande wa kushoto. Asubuhi gari huelekea kaskazini, na jua la mashariki huchoma upande wa kulia. Alasiri gari linaporudi kusini, jua limekwisha kuhamia magharibi, nalo huchoma tena upande huo huo wa kulia. Anayeketi kushoto huenda na kurudi kivulini.

Njiani

Ni mwendo wa kilomita 100 na ushei, na huchukua saa mbili hadi tatu kutegemea msongamano. Mtihani mkubwa ni kati ya daraja la Nyali na Mtwapa. Kipande hicho ni kifupi kikilinganishwa na safari nzima, lakini ndicho chenye soko la Kongowea, viwanda, mitaa ya Bamburi na Shanzu, na vituo visivyohesabika. Aliyeondoka Mombasa saa moja asubuhi humaliza kipande hicho kwa wepesi kuliko aliyeondoka saa mbili na nusu. Kwa hivyo shauri la kwanza ni kuamka mapema.

Baada ya Mtwapa barabara hufunguka. Huonekana minazi, mikorosho na miembe, kisha mashamba ya mkonge ya Vipingo yaliyopangwa kwa mistari mirefu, na halafu Kilifi na hori lake.

Msomaji kijana huenda asijue kwamba safari hii haikuwa rahisi hivi siku zote. Daraja la sasa la Nyali lilifunguliwa mwaka 1980, likachukua nafasi ya lile la zamani lililoelea juu ya maji. Daraja la Kilifi lilimalizika mwaka 1991. Kabla ya hapo magari yalivushwa kwa feri, na basi la Malindi lingeweza kukaa ukingoni kwa muda mrefu likingoja zamu, huku abiria wakinunua korosho na samaki wa kukaanga.

Mahori hayo hayakuwa kizuizi kwa wazee wa kale. Yalikuwa ndiyo bandari. Ukitazama miji ya mawe ya Waswahili iliyobaki magofu kwenye mwambao huu, utaona imepangwa kwa kufuata maji: Jumba la Mtwana kaskazini ya hori la Mtwapa, Mnarani kwenye ukingo wa kusini wa hori la Kilifi, na Gede karibu na hori la Mida. Matatu inayokimbia leo kutoka daraja hadi daraja inaunganisha kwa lami miji ambayo zamani iliunganishwa kwa jahazi.

Ukishapita Kilifi, mwambie utingo mapema kwamba unashuka Gede. Usingoje. Baada ya Matsangoni barabara hupakana na msitu wa Arabuko-Sokoke ulio upande wa kushoto, wenye ukubwa wa kilomita 420 za mraba hivi, ambao ni miongoni mwa mabaki makubwa ya msitu wa mwambao yaliyosalia katika Afrika Mashariki. Ukiona kituo cha msitu huo kando ya barabara, jua umekaribia. Dereva aliyezoea abiria wa Malindi huweza kupita njia panda ya Gede kwa kasi ikiwa hakuna aliyepaza sauti, na hapo utajikuta ukilipia bodaboda ya kurudi nyuma.

Njia panda hiyo ndiyo itokayo barabara ya kwenda Watamu. Shuka hapo. Vibao vya makumbusho vitakuelekeza, na ni mwendo wa miguu wa dakika kumi au kumi na tano kupita kijijini. Kwa mzee, mgonjwa au mwenye watoto wadogo, tuktuk na bodaboda ziko tele, ila patana bei kabla ya kupanda.

Jina nalo lisikutatize. Wenyeji na vibao vya magari husema Gede, ilhali vitabu na rekodi za serikali huandika Gedi. Ni mahali pamoja. Inasemekana kwamba neno hilo lina asili ya Kioromo na maana yake ni kitu cha thamani.

Langoni

Mkenya hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni kutoka nje, lakini lazima athibitishe kwamba ni Mkenya. Beba kitambulisho. Isitoshe, beba simu yenye chaji na pesa ndani yake, kwani tangu mwaka 2023 serikali iliagiza malipo ya huduma zake yapitishwe kwenye mfumo wa eCitizen, na mtu mwenye noti mkononi anaweza kujikuta anaomba msaada wa aliye nyuma yake katika foleni.

Wapo waelekezi wanaojua mji huo nyumba kwa nyumba. Ni vyema kumchukua mmoja, na kupatana naye ujira mapema. Bila mwelekezi, ukuta huonekana ukuta tu.

Pamoja naye, mambo hubadilika. Gede ulikuwa mji uliokaliwa kwa karne nyingi, kuanzia kama karne ya 10 hadi mwanzoni mwa karne ya 17. Ulizungushiwa kuta mbili. Ukuta wa nje ulizunguka eneo la ekari 45 hivi, na ule wa ndani uliwalinda wenye nacho pamoja na msikiti mkuu na jumba la mtawala. Inakadiriwa kwamba watu wasiopungua 2,500 waliishi humo. Nyumba za mawe zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, zikaezekwa dari bapa lililobebwa na boriti. Maskini waliishi katika nyumba za udongo na makuti, ambazo hazikuacha alama ya kuonekana kwa macho.

Kaburi moja lina tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Ni jambo la kusimamisha moyo kidogo kusoma tarehe hiyo mahali penyewe. Karibu karne nzima kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi mnamo Aprili 1498, hapa palikuwa na jamaa waliokuwa na fundi wa kuwachongea maandishi ya Kiarabu kwenye kaburi la mpendwa wao.

Nyumba zilizochimbuliwa zimepewa majina kwa vitu vilivyopatikana ndani yake. Ipo nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya kisanduku cha pembe za ndovu, nyumba ya bakuli la kaure, nyumba ya ushanga wa Venice na nyumba ya sarafu za Kichina. Mtu akiyasikia majina hayo kwa mfululizo hahitaji kuelezwa kwamba wakazi walikuwa watu wa biashara ya mbali. Vyombo vya kaure vilitoka Uchina, na Malindi jirani yao ilimpelekea mfalme wa Uchina twiga mnamo 1415. Wakazi wa Gede walikuwa wameunganishwa na ulimwengu ilhali walikaa kilomita kadhaa kutoka baharini, ndani ya miti.

Hapo ndipo penye kitendawili. Wareno walikaa Malindi kwa miongo mingi, mwendo wa kilomita 16 tu kutoka Gede, na walikuwa watu wa kuandika kila walichokiona. Hata hivyo hawakuacha maelezo ya wazi ya mji wa jina hilo. Ama hawakuujua, ama waliujua kwa jina jingine. Wataalamu wamebishana juu ya hilo tangu James Kirkman alipoanza kuchimbua mji huo mwaka 1948, kazi aliyoiendesha hadi 1958. Kabla yake, John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, aliuzuru mnamo 1884, na serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa kumbukumbu ya kihistoria mwaka 1927.

Kwa nini watu walihama? Zipo sababu kadhaa, na yamkini zilichangizana. Mnamo 1589 Wazimba walivamia mwambao, wakaifikia Malindi. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Fort Jesus, na mtawala wa Malindi akahamishia makao yake Mombasa, jambo lililoipunguzia nguvu sehemu yote hii. Baadaye Waoromo walisukuma kusini. Maelezo hayo ya vita ndiyo yanayopendwa na wasimulizi.

Lakini ukifika kando ya msikiti mkuu, omba uonyeshwe kisima. Uchunguzi ulibaini kwamba kilichimbwa tena kwenda chini zaidi baada ya kuwa kimetumika. Maana yake ni kwamba maji yalikuwa yakizama, na wenye mji waliyafuata. Mji unaweza kustahimili maadui ukajenga ukuta wa pili, kama Gede ulivyofanya, lakini hauwezi kujenga ukuta wa kuzuia kisima kukauka. Kwa maoni ya mwandishi huyu, shimo hilo lina mengi ya kumfunza msomaji wa leo wa Kilifi na Mombasa, wanaoujua uhaba wa maji kwa mitungi, kuliko hadithi zote za majini zinazosimuliwa kuhusu Gede.

Na hadithi hizo hazikosi kusimuliwa. Zamani wenyeji wengi waliogopa kuingia magofuni wakiamini kwamba roho za waliotangulia zinaulinda mji. Usizicheke. Huenda hofu hiyo ndiyo iliyozuia mawe yasibebwe kujengea nyumba nyingine, jambo lililoyapata magofu mengi.

Wenyeji wa kudumu siku hizi ni kima. Wameizoea mikono ya watu, na watanyakua ndizi, mkate au mfuko mzima bila kuomba. Chakula kiachwe mkobani, na mkoba ufungwe. Ukibahatika na ukatulia, unaweza pia kumwona sange, yule mnyama mdogo wa pua ndefu mwenye mgongo wa manjano nyuma, ambaye duniani kote hupatikana katika misitu michache ya sehemu hii ya Pwani tu.

Ndani ya eneo hilo kuna makumbusho madogo ya vitu vilivyochimbuliwa, na pia mradi wa Kipepeo ulioanzishwa mwaka 1993. Wakulima wanaopakana na Arabuko-Sokoke hufuga viwavi wa vipepeo, na mabuu yao huuzwa ng'ambo kwenye maonyesho. Mkulima anayepata riziki kwa kipepeo hana haraka ya kuuangusha mti anaotagia.

Mwananchi na mtalii

Baadhi ya wasomaji watauliza, kwa nini kumhimiza mtu wa matatu aende Gede, ilhali wageni wa kutoka Ulaya wapo na wanalipa zaidi?

Jibu limo katika historia ya karibuni. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwafukuza wageni Pwani. Mnamo Mei 2014 Uingereza iliwatahadharisha raia wake dhidi ya kuzuru Mombasa, na mamia yao wakarejeshwa kwao kabla ya likizo kwisha. Machi 2020 janga la corona lilisimamisha safari za ndege na makumbusho yakafungwa. Kila mara, mwelekezi, muuza madafu na mwendeshaji wa tuktuk wa Gede wameumia kwa uamuzi uliofanywa mbali na kwao. Mkazi wa Mombasa anayekuja kwa matatu hahitaji viza, na hapewi tahadhari na ubalozi wowote.

Fauka ya hayo, hadhi ya turathi ya dunia haileti ukarabati yenyewe. Mizizi ya miti hupasua kuta, mvua ya masika hula chokaa, na kazi ya kuzuia hayo ni ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, kwa bajeti ambayo hupiganiwa kila mwaka. Ni vigumu kwa mwananchi kuidai bajeti ya mahali asipopajua.

Kurudi

Sasa tufike kwenye lile jambo lililotajwa mwanzoni.

Magari ya kurudi Mombasa huanzia Malindi, na huondoka huko yakiwa yamejaa. Anayesimama njia panda ya Gede akingoja hutegemea kwamba kuna abiria aliyeshuka hapo au karibu na hapo. Asubuhi na mchana hilo hutokea mara nyingi. Kuanzia saa kumi alasiri nafasi huwa adimu, na Jumapili jioni, wakati wanafunzi na wafanyakazi wanaporejea mjini, unaweza kupungiwa mkono na magari sita mfululizo. Lango la makumbusho hufungwa saa kumi na mbili jioni, jua linapokaribia kutua. Anayengoja hadi lango lifungwe amejipangia kusimama barabarani gizani.

Hesabu basi kwa kurudi nyuma. Gede hutaka saa mbili au tatu za kuzunguka bila haraka. Ukifika saa nne asubuhi, utakuwa umemaliza kufikia saa saba. Kula kijijini, kisha uwe barabarani saa nane, au saa tisa ukichelewa sana. Kwa namna hiyo utavuka Mtwapa kabla ya msongamano wa jioni kukaza.

Ikiwa umechelewa, au mko zaidi ya wawili, usikae ukipunga. Panda gari linaloelekea Malindi, ambayo si mbali, uteremke kituoni na ukate nafasi katika gari linaloanza kujaza. Itaonekana ni upuuzi kwenda kaskazini wakati kwako ni kusini, na utalipa nauli ya ziada kidogo. Hata hivyo utaketi, pamoja na watoto wako, na utingo hataweza kukuambia kwamba kiti chako kina mwenyewe. Pia ni njia ya pekee ya kuhakikisha mmepanda gari moja, maana gari lililo na nafasi moja njiani halitawangoja wanne.

Njia ya kukatisha kwa kupanda gari la Kilifi ni ya dharura. Hufaa mchana, kwa sababu Kilifi kuna magari ya Mombasa ya kuanzia hapo. Usiku haifai, hasa kwa asiye na mwenyeji mjini humo, kwa kuwa magari hupungua na nauli hutajwa kwa kukutazama uso.

Na ikiwa giza limekukuta kabisa Gede, Watamu iko karibu kwa tuktuk na Malindi kwa matatu, nako kote kuna nyumba za kulala wageni za bei mbalimbali. Gari la kwanza la kwenda Mombasa huondoka Malindi alfajiri.